Winchester 1895 kaliba .405: tukague nini kabla mjomba hajaamua kuiuza?

TengeruKahawa

Wakuu, habari za jioni. Kuna bunduki ya leva (ya kukokiwa kwa mpini wa chini) hapa Tengeru, Winchester Model 1895, kwenye mtutu imeandikwa 405. Leseni ni ya mjomba na iko hai, bunduki inakaa kwenye kabati la chuma lililofungwa ukutani. Mjomba anafikiria kuiuza. Akiambiwa haina thamani ya maana, atabaki nayo tu kama kumbukumbu ya shamba.

Inavyoonekana kwa macho: chuma kimegeuka kahawia karibu chote, buluu (rangi ya chuma ya kiwandani) imebaki kidogo kwenye kona ambazo mkono haufiki. Kitako kina ufa mwembamba unaoanzia pale ulimi wa chuma wa juu unapoishia, na mbao imepakwa kitu kinachonata. Leva inafunguka na kufunga. Ndani ya mtutu ni giza. Namba ya bunduki ni 68 elfu na ushee. Kwenye mtutu kuna alama ndogo za taji. Kuna pia risasi chache za zamani zenye ukungu wa kijani.

Naomba kujua: hali yake halisi itajulikanaje bila kuipiga? Kitu gani kinaipa mvuto na kipi kinaishusha? Fundi mmoja ameshauri ipigwe msasa, ipakwe rangi upya na kitako kipigwe vanishi, eti bei itapanda. Tumkubalie? Na mzee mmoja jirani anaapa kwamba ilikuja na Rais Roosevelt. Hilo nalo lina ukweli?

FundiChuma_Moshi

Naanza na la msasa kwa sababu ukishapigwa hautoki. Msikubali. Huo ukahawia ni kutu ya zamani iliyotulia, na mkusanyaji anautaka hivyo hivyo ulivyo. Kwa viwango vya bunduki za kale vinavyotumika Marekani, bunduki yenye vipuri vyote vya asili inaweza kuitwa "nzuri sana" hata kama rangi ya kiwandani imebaki chini ya asilimia 30, au haipo kabisa. Ukiisugua na kuipaka upya inashuka daraja papo hapo, hata ikimeta kama sufuria mpya.

Kabla ya kukagua chochote, hakikisheni haina risasi. Model 1895 haina bomba la risasi chini ya mtutu kama Model 1894. Ina kisanduku mbele ya leva na risasi huingizwa kwa juu. Elekeza mdomo upande salama, shusha leva mpaka mwisho, tazama chemba (tundu la mtutu risasi inapokaa), kisha ingiza kidole chembani na ndani ya kisanduku. Macho peke yake hayatoshi, risasi iliyokwama chini ya kisukumio huwezi kuiona gizani. Zile risasi za kijani zikae chumba kingine kabisa wakati wa ukaguzi.

Sasa ukaguzi wenyewe. Tafuta lenzi na tochi, anza na skrubu. Winchester za wakati ule zina skrubu zenye mfereji mwembamba sana. Kichwa kikiwa kimetafunwa, ujue bunduki imefunguliwa na mtu mwenye bisibisi ya fundi redio, na ndani huenda kuna kipuri kilichobadilishwa. Skrubu zikiwa safi, una nusu ya jibu.

Halafu maandishi. Herufi za kiwandani zina kingo kali, ukipitisha ukucha unakwama. Herufi zikiwa zimelegea kingo, matundu ya skrubu yakiwa yamebonyea kama kisahani, na kona za bodi (kiwiliwili cha chuma nyuma ya mtutu) zikiwa za mviringo, basi msasa ulishapita zamani. Dalili nyingine ni buluu iliyo ndani ya vishimo vya kutu. Kiwanda hakikupaka rangi juu ya kutu, kwa hiyo kutu ilitangulia na rangi ikaja baadaye.

Kitako: tazama pale mbao inapokutana na chuma. Ilipotoka kiwandani mbao ilikuwa sawa na chuma au juu kidogo. Ikiwa chuma kimejitokeza na mbao iko chini, kitako kilipigwa randa au msasa. Angalia pia ni mbao gani. Asili ni walnati, kahawia yenye mistari myeusi. Huku kwetu vitako vingi vilivyovunjika vilibadilishwa kwa mninga. Ni mbao bora kabisa, lakini rangi yake ni ya dhahabu inayokwenda kwenye wekundu, na mkusanyaji anaitambua akiwa mlangoni. Mwishoni mwa kitako panatakiwa pawe na bamba la chuma. Ukikuta mpira, pima urefu wa kitako, maana mara nyingi wanakata mbao ili mpira ukae, na kilichokatwa hakirudi.

Hiyo inayonata karibu kwa hakika ni mafuta ya kupikia. Ya alizeti hukauka yakawa gundi, yananasa vumbi na unyevu. Futa kwa kitambaa chenye tapentaini kidogo, jaribu kwanza sehemu ya chini isiyoonekana. Vanishi hapana.

Marangu_Juu

Hapo kwa FundiChuma nakubali yote isipokuwa moja: kutu nyekundu inayotoka unga ukiigusa si ya kuachwa. Ile ya kahawia iliyokomaa ndiyo inayoachwa. Nyekundu bado inakula. Ipake mafuta mepesi ya bunduki, iache usiku kucha, kisha ikwangue taratibu kwa kipande cha shaba kilicho na ncha bapa. Shaba ni laini kuliko chuma, inang'oa kutu bila kuacha mikwaruzo. Stilwaya ya kusugulia sufuria isikaribie, na oili chafu ya gari pia isitumike, ina asidi na masizi.

Na kama imewahi kuhifadhiwa kwenye mfuko wa ngozi, tazama upande uliokuwa ukilalia. Ngozi iliyotiwa dawa hubeba chumvi na unyevu. Masika moja inatosha kuacha ramani ya vishimo upande mmoja wa mtutu. Kabatini weka pakiti za kunyonya unyevu na uzikaushe kila mwezi.

Kaliba_na_Vernia

Wengi huishia kwenye rangi na mbao, ilhali kinachoamua kama hii ni bunduki au pambo ni mtutu na kufuli. Nitaeleza kwa urefu.

"Ndani ni giza" haitoshi kama maelezo. Giza linaweza kuwa uchafu wa miaka, au kutu, au vishimo. Risasi za zama zile zilikuwa na fataki (viwashio vya baruti) za klorati ya potasiamu. Zikilipuka zinaacha kloridi ya potasiamu, yaani chumvi ndugu ya ile ya mezani, inayovuta maji kutoka hewani. Mafuta hayaiyeyushi. Aliyepiga risasi hizo akapitisha kitambaa chenye mafuta tu, alifungia chumvi chini ya mafuta na kutu ikaendelea kula. Dawa yake ni maji ya moto kwanza, kukausha, ndipo mafuta. Kwa hiyo anzeni hivi: pitisha kitambaa chenye kiyeyushi cha kusafishia mtutu, acha dakika 15, pitisha burashi ya shaba, vitambaa vikavu, rudia mpaka kitambaa kitoke safi. Linda mdomo wa mtutu. Bunduki nyingi za leva husafishwa kutokea mdomoni, na ufito wa chuma unaosugua pembeni kwa miaka ndio unaoharibu mdomo kuliko risasi zenyewe. Tumia ufito uliofunikwa plastiki au wa shaba, wenye kizibo cha kuuweka katikati.

Baada ya hapo, leva ikiwa wazi, weka karatasi nyeupe pale chemba inapoanzia, imulike kwa tochi, na utazame kutokea mdomoni. Mifereji ya ndani inayozungusha risasi ikiwa na kingo kali lakini rangi ya kijivu, mtutu bado mzima. Ukiona vidoadoa vyeusi kwenye mifereji tu huku migongo iliyoinuka kati yake ni safi, ni wa wastani. Migongo ikiwa imeliwa, hasa sentimita chache mbele ya chemba, hapo hakuna usahihi tena. Pete nyeusi katikati ya mtutu ni mbaya kuliko vyote: ni uvimbe, kuna siku risasi iliyokwama ilisukumwa na nyingine. Ipitishe vidole kwa nje na uone kama mwanga unajikunja kwenye chuma mahali hapo.

Kipimo cha uhakika ni kupitisha mtutuni kipande cha madini laini ya risasi, si risasi ya kupiga. Chubwi ya wavuvi inafaa ikiwa ni laini kiasi cha kuchorwa kwa ukucha. Kwa .405 tafuta yenye unene wa milimita 11 hadi 11.5. Paka mtutu mafuta, leva ikiwa wazi, iingize chubwi mdomoni kwa nyundo ya mbao, kisha isukume kwa fimbo ya shaba iliyozungushiwa utepe. Usitumie fimbo ya mti: ikipasuka kwa mshazari inajikaba kama kabari, utashinda hapo. Sukuma polepole na usikilize mkono. Ikiwa nzito sawasawa njia nzima, vizuri. Ikilegea ghafla kisha ikakaza tena, ndipo penye uvimbe au kutu iliyokula. Ikitoka, pima kwa maikromita palipo panene: kiwango cha .405 ni inchi .411, milimita 10.44. Ukipata 10.50 au zaidi, mtutu umelika.

Kama hamna uhakika kwamba chemba ni ile iliyoandikwa kwenye mtutu, kuna aloi ya bismuthi iitwayo Cerrosafe inayoyeyuka kwa nyuzi 71 hadi 88 za Selsiasi, hata maji ya moto yanaitosha. Inamiminwa chembani, inatolewa ikishaganda, na inapimwa saa moja baadaye ndipo ilingane na chemba. Model 1895 ilitengenezwa pia kwa .303 ya Uingereza, .30-40 Krag, .35 Winchester, .30-06 na nyingine, na zipo zilizochongwa chemba upya na mafundi. Namba iliyoandikwa ni dai, chemba ndiyo ukweli.

Kufuli: hii ina kipande cha chuma kinachopanda nyuma ya boluti (kipande kinachoziba chemba) leva inapofungwa. Funga leva, jaribu kusogeza boluti mbele na nyuma kwa kidole gumba. Kucheza kidogo sana ni kawaida. Ukisikia "tak" ni tatizo. Fungua utazame uso wa hicho kipande. Mng'aro ukiwa pande zote mbili, kinabeba mzigo sawasawa. Ukiwa upande mmoja tu, kinabebea upande mmoja na ndio utakaoendelea kulika. Nafasi kati ya boluti na kitako cha risasi ipimwe na fundi mwenye geji ya .405, ganda la kaliba hii lina ukingo, kwa hiyo nafasi hiyo inahesabiwa kwenye unene wa ukingo. Kukisia kwa tabaka za selotepu, kama wanavyofanya wengine, si kipimo.

Nyundo: ivute mpaka nusu, bonyeza kifyatulio kwa nguvu ya kawaida. Isianguke. Ivute mpaka mwisho, isukume mbele kwa kidole gumba bila kugusa kifyatulio. Hapo pia isianguke. Ikianguka popote, ngazi ya ndani imemomonyoka au kuna mtu aliipiga tupa ili kifyatulio kiwe chepesi. Kwa jaribio la kulisha na kutoa, tumieni maganda matupu yasiyo na fataki wala baruti. Zile risasi za kijani zisitumike hata kwa hilo.

TengeruKahawa

Asanteni sana. Nimemsomea mjomba yote. Skrubu mbili za ubavuni zimetafunwa kidogo, nyingine safi. Mbao ni kahawia ya mistari myeusi, bamba la chuma lipo na limejikunja kama mwezi mchanga. Kwenye bodi kuna duara la yai lenye herufi WP. Kwenye mtutu pia lipo, ila sioni vizuri kama ni WP au P tu. Za taji nimeona taji juu ya NP na taji juu ya herufi nyingine.

Mzee_wa_Boma

Kijana, hiyo herufi itazame tena kwa lenzi, maana ina uzito. Winchester ilianza kugonga WP kwenye bodi na mtutu mwaka 1905. Mtutu uliofungwa kiwandani una WP. Mtutu uliouzwa peke yake kama kipuri uligongwa P ndani ya duara la yai. Bodi ikiwa na WP na mtutu ukiwa na P, basi mtutu ulibadilishwa baadaye. Haiwi bandia kwa hilo, lakini mkusanyaji atakata bei.

Taji juu ya NP ni alama ya nyumba ya majaribio ya Birmingham, kuthibitisha kwa baruti isiyo na moshi. Ya London ingekuwa mkono ulioshika upanga juu ya NP. Kwa hiyo yenu ilipitia Uingereza kabla ya kufika huku, jambo la kawaida kwa bunduki zilizokuja baada ya Waingereza kuchukua Moshi na Arusha 1916. Zilizopitia Ujerumani zina taji juu ya U na N. Alama hizi ni sehemu ya mvuto, zinaeleza safari ya bunduki bila kumtegemea mtu. Msizifute.

Kuhusu Roosevelt. Kila bunduki ya kale kaskazini hii ina Roosevelt wake. Ni kweli yeye na mwanawe Kermit walikuja na Model 1895 za .405, wakashuka Mombasa Aprili 1909, wakamalizia Khartoum Machi 1910. Njia yao ilikuwa Kenya, Uganda, Kongo na Sudan. Huku kulikuwa koloni la Mjerumani na msafara haukupita. Winchester walitumia jina lake kwenye matangazo, wakulima na wawindaji wakaagiza za kwao. Hiyo yenu inaelekea ni mojawapo ya hizo, na hilo linatosha kabisa. Ukiuza kwa jina la Roosevelt bila karatasi, mnunuzi anayejua atatilia shaka hata yale ya kweli utakayomwambia.

Kaliba_na_Vernia

Shikamoo mzee, umenimalizia kazi. Niongeze la namba. Kumbukumbu za kiwanda ziko kwenye makumbusho ya silaha ya Cody, Wyoming, nao hutoa barua ya kuthibitisha bunduki ilivyotoka. Lakini kwa Model 1895 kumbukumbu zinaishia 59,999. Yenu ni 68 elfu, barua haipatikani. Akitokea mtu anayeuza "cheti cha kiwanda" kwa namba hiyo, ni tapeli.

Jambo la pili kwa anayefikiria mnunuzi wa Marekani: sheria yao huita ya kale bunduki iliyotengenezwa mwaka 1898 au kabla. Kaliba .405 ilianza 1904. Hakuna .405 ya asili inayoweza kuwa ya kale kwa sheria hiyo, hata ionekane ya babu namna gani.

Kwa upande wa mvuto, msikate tamaa. Model 1895 zilitengenezwa takriban 425,000, na karibu 300,000 kati yake zilikwenda jeshi la Urusi 1915 na 1916, kwa kaliba ya Kirusi. Zilizobaki za kiraia si nyingi, na za .405 zenye historia ya Afrika Mashariki zina wapenzi wake. Linganisha na Model 1894, iliyopita milioni saba. Ila jihadharini na kulinganisha na bei za mtandaoni bila kujua unatazama nini: 1895 zilianza kutengenezwa upya Japani na kiwanda cha Miroku miaka ya 1980. Zina jina la Japani kwenye mtutu, na za karibuni zina kizuizi cha usalama nyuma ya nyundo. Ya zamani haina.

Usa_River_Kwetu

Mnaeleza vizuri lakini mnasahau soko la hapa. Mnunuzi wa Tanzania lazima awe na kibali chake kwanza, na akishaipata bunduki atauliza risasi. Risasi za .405 zinatengenezwa bado na kampuni ya Hornady, lakini huku utaiagiza kwa kibali na kusubiri. Mwindaji atachagua .375 bila kufikiri mara mbili. Kwa hiyo anayenunua hii hapa Arusha ananunua historia. Ndiyo sababu hali ya asili ina uzito kuliko mtutu unaong'aa.

Na tafadhali, isitoke kabatini kwenda kwa fundi bila mjomba mwenyewe na leseni yake. Aanzie ofisi ya OCD (mkuu wa polisi wa wilaya), aseme anataka ikaguliwe au abadilishe umiliki, wamwelekeze. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015 haichezewi, na bunduki kuwa ya zamani si hoja ya kumweleza askari barabarani. Leseni ni ya mtu, hairithiwi pamoja na kabati, hivyo mambo haya yafanyike mjomba akiwa hai na ana nguvu. Risasi za kijani nazo apeleke polisi azikabidhi.

TengeruKahawa

Nimetazama kwa lenzi: ni WP kote kuwili. Mjomba amefurahi. Imebaki ule ufa. Auache au uzibwe?

FundiChuma_Moshi

Safi sana, WP kote ni habari njema.

Ufa uzibwe, kwa sababu unaendelea. .405 inasukuma risasi ya greni 300, gramu 19 na nusu hivi, kwa mita 670 kwa sekunde. Teke lake lote linaishia kwenye mbao. Skrubu za kitako zikilegea, mwisho wa ulimi wa chuma unapiga mbao kama patasi na kupasua kwa kufuata nyuzi. Hata isipopigwa tena, kuibeba na kuiegemeza kunaufungua.

Mwambie fundi atoe kitako, asafishe mafuta ndani ya ufa kwa asetoni, maana gundi haishiki kwenye mafuta. Aufungue kidogo tu kwa kabari nyembamba, aingize gundi ya epoksi inayochelewa kuganda, si ile ya dakika tano, aisukume kwa hewa mpaka itokee upande wa pili, afute inayomwagika mara moja, kisha afunge kwa mpira wa baiskeli usiku mzima. Asijaze kwa unga wa mbao, na asipige msasa juu yake. Mstari mwembamba unaoonekana ni bora kuliko kiraka. Kabla ya kurudisha, achonge ndani kidogo ili nyuma ya ulimi wa chuma ibaki nafasi kama nusu milimita, chuma kisiguse mbao pale mwisho. Mzigo ubebwe na mabega ya bodi pande mbili. Akiirudisha bila nafasi hiyo, ufa utafunguka tena pembeni ya gundi.

Na apige picha kabla na baada, mnunuzi aonyeshwe zote.